Daenerys Alibadilika, au Hatukuwahi Kumjua? Saikolojia ya Ubishi wa Msimu wa Mwisho wa Game of Thrones

Kuna swali ambalo ukilitupa katikati ya watu waliotazama Game of Thrones, huna haja ya kuongeza neno lingine. Wewe kaa pembeni usikilize tu. Swali lenyewe ni hili: je, Daenerys Targaryen kweli angeuchoma mji ambao ulikuwa umeshasalimu amri?

Tamthilia hii ya HBO ilianza kurushwa Aprili 2011 na ikafika tamati tarehe 19 Mei 2019, baada ya misimu 8 na epizodi 73. Usiku ule wa mwisho ilitazamwa na watu milioni 19.3 nchini Marekani peke yake. Siku hizo hizo, zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la mtandaoni wakitaka msimu wa 8 uandikwe na kurekodiwa upya. Hebu lifikirie hilo kidogo. Watu milioni moja, wenye kodi za kulipa na mitihani ya kufanya, wanamdaia haki mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Unaweza kucheka ukapita. Lakini ukiwasikiliza vizuri, utagundua kwamba majoka ni kisingizio tu. Wanabishania swali ambalo wanasaikolojia wamelihangaikia kwa miongo mingi: mtu akifanya jambo la kutisha, sababu iko ndani yake, au iko kwenye yale yaliyomzunguka? Na jibu lako kwa swali hilo halikomei kwenye televisheni. Ndilo unalolitumia kumhukumu jirani, mwanafunzi mwenzako, hata ndugu yako. Kwa hiyo leo tuugeuze ubishi huu kuwa maabara yetu.

Tahadhari kabla hatujaendelea: nitasimulia mwisho wote bila kuficha. Kama bado una mpango wa kuitazama, hifadhi makala haya urudi baadaye.

Kwanza, nini kilitokea?

Kwa ambaye hajaitazama, Daenerys ni binti wa ukoo wa kifalme uliopinduliwa. Baba yake, Aerys, alibatizwa jina la Mfalme Mwendawazimu kwa sababu alikuwa akichoma watu wakiwa hai. Yeye mwenyewe tunakutana naye akiwa msichana mkimbizi, anayeozwa na kaka yake kwa kiongozi wa wapanda farasi ili kaka apate jeshi. Mwishoni mwa msimu wa 1 anapata majoka matatu. Kisha anapita kwenye miji ya watumwa akivunja minyororo, na watu waliokuwa watumwa wanamwita mama. Watazamaji nao walimpenda kiasi kwamba huko Marekani mamia ya wazazi waliwapa mabinti zao jina la Khaleesi, ambalo ni cheo chake.

Tarehe 12 Mei 2019 ikarushwa epizodi ya 5 ya msimu wa mwisho, inayoitwa The Bells. Daenerys anaushambulia mji mkuu, King's Landing, akiwa juu ya joka lake Drogon. Anasambaratisha ulinzi wote. Askari wa adui wanatupa silaha chini. Kengele za mji zinalia, ishara kwamba mji umesalimu amri. Ameshinda! Halafu anaanza kuchoma mtaa mmoja baada ya mwingine, na watu wote waliomo. Epizodi inayofuata, Jon Snow, mpenzi wake ambaye pia ni mtoto wa kaka yake, anamuua kwa kisu.

Mashabiki wakagawanyika kambi tatu.

Kambi ya kwanza: "Nilijua tu." Hawa wanakukumbusha kwamba huyu ndiye aliyemchoma Mirri Maz Duur msimu wa 1, akasulubisha mabwana 163 wa Meereen msimu wa 4, na akawachoma baba na mwana wa ukoo wa Tarly msimu wa 7 kwa kukataa kumpigia magoti.

Kambi ya pili: "Huyo siye." Hawa nao wana ushahidi. Alipowaamuru askari wake wawaue mabwana wa Astapor, aliagiza wasimguse mtoto. Drogon alipomuua mtoto wa mchungaji, aliumia kiasi cha kuyafungia majoka mengine mawili gizani, ingawa anayaita watoto wake.

Kambi ya tatu: "Ingewezekana, ila wameharakisha." Ukiniuliza mimi, hii ndiyo kambi yenye hoja nzito kuliko zote, lakini mara nyingi wafuasi wake wanashindwa kueleza ni kitu gani hasa kiliharakishwa. Tutaifikia.

Kwa nini tunajali kabisa?

Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel walichapisha utafiti mmoja mdogo wa kupendeza. Walitengeneza filamu fupi yenye pembetatu kubwa, pembetatu ndogo na duara, vikizunguka karibu na mstatili wenye kipande kinachofunguka kama mlango. Hakuna sura, hakuna sauti. Kisha wakawaomba watu waeleze walichokiona.

Karibu wote walisimulia hadithi. Pembetatu kubwa ni mkorofi, duara limeogopa, pembetatu ndogo inamtetea mwenzake. Yaani ubongo wetu ukiona vitu vitatu vinasogea, unavitafutia nia, hofu na mapenzi. Sasa uupe sura ya mwigizaji, muziki, machozi, na saa kadhaa kwa mwaka kwa miaka minane. Utaachaje kumchukulia kama mtu?

Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walielezea jambo la karibu na hilo: mtazamaji hujenga na mtu wa kwenye skrini ukaribu wa upande mmoja. Wewe unamjua, yeye hakujui. Ukaribu huo ni wa upande mmoja, lakini hisia zako ni za kweli. Ndiyo maana shabiki wa Daenerys hakusema "mwandishi ameandika vibaya." Alisema "wamemsingizia." Ni lugha ya mtu anayemtetea rafiki aliyeshitakiwa.

Na ukishakuwa upande wa mtu, hata unachokiona kinabadilika. Mwaka 1951 timu za vyuo vya Dartmouth na Princeton zilicheza mechi ya mpira wa Kimarekani iliyojaa rafu. Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile ya mechi ile, wakawaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliyaona. Kama umewahi kukaa kibanda umiza siku ya Simba na Yanga, huhitaji maelezo zaidi. Filamu ni moja, ila kila upande umetazama mechi yake. Na misimu minane ya Daenerys imetazamwa hivyo hivyo.

Ni yeye, au ni mazingira?

Turudi kwenye swali letu kubwa. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi wa Marekani insha za kusoma, nyingine zinamtetea Fidel Castro, nyingine zinampinga. Kazi ilikuwa kukadiria msimamo halisi wa mwandishi. Baadhi ya wasomaji waliambiwa kwamba mwandishi alichagua upande mwenyewe. Wengine waliambiwa wazi kwamba alipangiwa upande wa kuutetea.

Ukifikiria kwa utulivu, insha ya kupangiwa haikuambii chochote kuhusu moyo wa mwandishi. Lakini wasomaji bado waliamini kwamba aliyeandika kumtetea Castro anampenda Castro kuliko aliyeandika kumpinga. Walijua kuhusu mazingira, wakashindwa kuyapa uzito wake.

Mwaka 1977 Lee Ross alilipa tatizo hili jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita kosa la msingi la kutafsiri tabia: tunapoeleza kwa nini mtu fulani amefanya jambo, tunakuza mno tabia yake na kupunguza mno hali aliyokuwamo. Konda akikujibu ovyo asubuhi, ni konda asiye na adabu. Kwamba tangu saa kumi alfajiri hajakaa chini, na hesabu ya tajiri bado haijatimia, hilo hatulioni kwa sababu halina sura. Sura iliyo mbele yetu ni ya konda.

Sasa mchukue Daenerys wa msimu wa 8 umtazame upya, safari hii ukiandika hali yake na kuacha tabia yake pembeni. Epizodi ya 2, anagundua kwamba Jon ana haki ya kiti cha enzi kuliko yeye. Epizodi ya 3, Jorah, aliyekuwa naye tangu mwanzo, anafia mikononi mwake akimlinda. Epizodi ya 4, joka lake la pili linauawa, na Missandei, rafiki yake wa karibu kuliko wote, anakatwa kichwa mbele ya macho yake. Epizodi ya 5, Varys anamsaliti na kuuawa, na Jon anajitenga na mapenzi yake. Yuko nchi ya ugeni ambako hakuna anayemwita mama. Ndani ya epizodi nne, karibu kila mtu aliyekuwa akimwambia "subiri kwanza" amekufa, amemsaliti au amepoteza imani yake.

Ukiisoma orodha hiyo, uamuzi wake hauwi halali hata kidogo. Kuchoma watoto ni kuchoma watoto. Lakini unaanza kueleweka kama tukio lenye visababishi.

Hapa niweke angalizo la kitaaluma, maana kosa hili husimuliwa mitandaoni kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mwaka 1984 Joan Miller alichapisha utafiti uliolinganisha Wamarekani wa Chicago na Wahindu wa Mysore, India. Aliwaomba waeleze mambo mema na mabaya yaliyofanywa na watu wanaowajua. Watu wazima wa Chicago walitaja zaidi tabia ya mtu. Wa Mysore walitaja zaidi hali, wajibu na uhusiano wa wahusika. Watoto wadogo wa pande zote mbili hawakutofautiana sana. Tofauti ilikua kadiri umri ulivyoongezeka. Maana yake, namna ya kutafuta sababu ni kitu tunachofundishwa na jamii. Na kinachofundishwa kinaweza kurekebishwa.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka"

Sasa tuione ile hoja ya kuharakishwa. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na epizodi kumi kumi. Wa 7 ulikuwa na 7, wa mwisho ukawa na 6, ingawa nyingine zilikuwa ndefu kuliko kawaida. Isitoshe, vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo tamthilia ilivitegemea, vilikuwa vimefika mwisho wa barabara: cha kwanza kilitoka 1996, cha tano 2011, na cha sita hakikuwa kimetoka wakati tamthilia inamalizika. Waandishi wakuu, David Benioff na D. B. Weiss, walikuwa wanajua wanakokwenda, lakini hawakuwa na kitabu cha kuwaonyesha kila kona ya njia.

Siku mbili kabla ya epizodi ya mwisho, mwanasosholojia Zeynep Tufekci aliandika kwenye jarida la Scientific American kwamba tatizo halisi la msimu ule halikuwa kasi peke yake. Hoja yake: misimu ya mwanzo ilisimulia kisosholojia, yaani watu waliamua mambo wakisukumwa na taasisi, madeni, viapo, njaa na koo zao. Misimu ya mwisho ikahamia kwenye kusimulia kisaikolojia, ambapo kila kitu kinaanzia na kuishia ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Huu ni uchambuzi wake, si jaribio la maabara, lakini unaungana vizuri na tuliyoyaona kuhusu Castro na insha. Mazingira ni kitu kigumu kukionyesha. Yanahitaji muda: mazungumzo ya mezani, barua, safari, siku za uchovu. Ukikata muda, cha kwanza kuondoka ni mazingira. Mtazamaji anabaki na uso wa mtu, kengele zinalia, na jibu moja rahisi la kuokota: damu. Si baba yake alikuwa hivyo hivyo? Hata ndani ya hadithi kuna msemo kwamba kila Targaryen anapozaliwa, miungu hurusha sarafu kuamua kama atakuwa mkuu au mwendawazimu.

Kwetu tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni methali inayonoga mdomoni, na ndiyo maana ni ya kuogopa. Ni kweli kwamba baadhi ya magonjwa ya akili yana mchango wa urithi. Lakini kurithi uwezekano wa kuugua si kurithi ugonjwa wenyewe, na watu wengi wenye magonjwa ya akili hawamdhuru mtu yeyote. Kuchoma mji hakurithiwi. Kunahitaji silaha, jeshi linalotii, na watu wenye hekima wasiosikilizwa tena.

Fikiria methali hiyo inavyofanya kazi mtaani. Mtoto ambaye baba yake alifungwa kwa wizi anaingia darasani. Kalamu ikipotea, macho yote kwake. Msichana ambaye mama yake aliugua akili anakasirika siku moja kama binadamu yeyote, na watu wanakonyezana: "imeanza." Hakuna anayeuliza siku hiyo ilikuwaje. Kwa hiyo mashabiki waliokasirishwa na maelezo ya damu walikuwa wanakataa kitu cha maana zaidi ya mwisho mbaya wa tamthilia, hata kama wengi wao hawakulisema hivyo.

Ghafla si sawa na bila sababu

Mtu anaweza kuniuliza: mbona tamthilia hii ilitushtua tangu mwanzo na hatukulalamika? Ned Stark, tuliyedhani ndiye nyota, alikatwa kichwa msimu wa 1. Robb Stark na mama yake wakachinjwa harusini msimu wa 3.

Jibu zuri linatoka kwenye hisabati. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Uingereza na Ireland, akiwemo Robin Dunbar, lilichapisha kwenye jarida la PNAS uchambuzi wa vitabu vya Martin (vitabu, si tamthilia). Walichora mtandao wa wahusika zaidi ya 2,000 wanaotajwa kwa majina, na mawasiliano kati yao zaidi ya 41,000. Waligundua kwamba mtandao huo unafanana na mitandao ya kijamii ya watu halisi. Wahusika wakuu wanaosimulia hadithi wana wastani wa watu 150 hivi wanaohusiana nao, idadi ambayo Dunbar amekuwa akiitaja kama kikomo cha mahusiano ambayo akili ya binadamu huyamudu kwa wakati mmoja.

Halafu wakapima vifo. Ukivipanga kwa mfuatano wa sura za kitabu, vifo vya wahusika muhimu havitabiriki, ni kama kurusha dadu: muda uliopita tangu kifo cha mwisho haukuambii lolote kuhusu kifo kijacho. Lakini ukivipanga kwa kalenda ya dunia ya hadithi yenyewe, vinafuata mpangilio unaoonekana pia kwenye shughuli za kawaida za binadamu. Kwa lugha nyepesi, msomaji anashtushwa, lakini dunia ya hadithi inakwenda kwa utaratibu wake.

Siri iko hapo. Harusi ile ilitushtua, lakini ukirudi nyuma unaona mnyororo wote: Robb aliahidi kumuoa binti wa Walder Frey, akavunja ahadi, na Frey ni mzee anayetunza kinyongo. Mshtuko unakuja kwanza, kisha unajipiga paji la uso: kumbe! Kipimo kizuri cha uamuzi wa mhusika si "nilitarajia?" Kipimo ni "nikirudi nyuma, naweza kuunganisha hatua zote bila kuruka?" Kwa Daenerys, watu wengi wakirudi nyuma wanakuta hatua za kuelekea kwenye ukatili dhidi ya adui. Hatua ya kutoka kwa adui hadi kwa mama aliyebeba mtoto mtaani ndiyo wanayoikuta imerukwa.

Jihadhari na "nilijua tu"

Watu wa kambi ya kwanza nao wasijipongeze mapema. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff aliwapa watu maelezo ya vita vya mwaka 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Kila kundi liliambiwa matokeo tofauti: hili liliambiwa Waingereza walishinda, lile Wagurkha, jingine hakuna aliyeshinda. Kisha wakaulizwa, kwa kuangalia maelezo ya mwanzo tu, kila matokeo yalikuwa na uwezekano kiasi gani. Watu walivutika kwenye matokeo waliyoambiwa, kana kwamba yalikuwa yanaonekana tangu mwanzo.

Ukishajua kwamba mji umechomwa, wale mabwana 163 waliosulubiwa wanang'aa kwenye kumbukumbu, na yale majoka mawili yaliyofungiwa kwa huruma yanafifia. Angeishia kuwa malkia mwema, tungekaa hapa tukisema "nilijua tu, si uliona alivyolia kwa ajili ya yule mtoto?" Ndiyo maana watafiti siku hizi wanahimizwa kuandika dhahania yao na kuisajili kabla ya kukusanya data. Si kwamba ni waongo. Ni kwamba kumbukumbu ya kila mtu hujirekebisha ikishapata majibu.

Na Jaime je?

Uamuzi wa pili uliowasha moto ni wa Jaime Lannister. Epizodi ya kwanza kabisa anamsukuma mtoto dirishani. Kisha anapoteza mkono, anajifunza unyenyekevu kwa Brienne, na katika msimu wa 8 anampa Brienne heshima ya kuwa shujaa wa kiapo, kitu alichokitamani maisha yake yote. Tukasema: amebadilika. Epizodi mbili baadaye anamwacha Brienne akilia usiku, anarudi kwa Cersei, dada yake pacha na mpenzi wake, na wanafukiwa pamoja na kifusi cha ikulu.

Mashabiki walilia kwamba safari yake yote imefutwa. Mimi hapa nawatetea waandishi kidogo. Mwaka 1983 James Prochaska na Carlo DiClemente walichapisha utafiti kuhusu watu wanaoacha sigara, na wakaeleza mabadiliko kama hatua: kutofikiria, kufikiria, kuchukua hatua, kudumisha, na mara nyingi kurudi nyuma. Kurudi nyuma ni sehemu ya kawaida ya safari hiyo. Kila mwenye ndugu aliyeacha pombe mara tatu analijua hili bila kusoma jarida. Kurudi kwa Jaime hakuthibitishi kwamba wema wake ulikuwa wa uongo. Kinachouma ni kwamba tulitaka kuwa na hakika kwamba mtu akishapona amepona.

Mkuki kwa nguruwe

Nimebakiza jambo moja, na hili halimhusu mwandishi wala mhusika. Linanihusu mimi na wewe.

Mwaka 2019 nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na hosteli tulikuwa tunapeana epizodi kwa flash. Nakumbuka vizuri tuliporudia msimu wa 3 kabla ya ule wa mwisho: Astapor ilipowaka, chumba kizima kilipiga kelele za shangwe. Mabwana wa watumwa, wacha waungue! Meereen nako, tulishangilia. Mmoja wa wale waliosulubiwa, tunaambiwa baadaye na mwanawe, alikuwa amepinga kusulubiwa kwa watoto. Hakuna aliyesimamisha video kulijadili.

Katika epizodi ya mwisho, Tyrion anamwambia Jon jambo la kufanana na hilo: kila alipokwenda, waovu walikufa nasi tukashangilia, naye akazidi kuamini kwamba yuko upande wa haki daima. Wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Njia ya kuchoma ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani anaungua, na kamera imesimama karibu na nani. Katika The Bells, kwa mara ya kwanza, kamera ilishuka chini mitaani na kukaa na wanaokimbia.

Sisemi kwamba kumkomboa mtumwa na kuchoma mji ni kitu kimoja. Kuna tofauti kubwa mno. Ninachosema ni kwamba tulipokuwa tunampenda, hatukumuuliza maswali ambayo tungemuuliza mtu tusiyempenda. Bara letu linawajua wakombozi walioshangiliwa hivyo hivyo, na raia waliokuja kuuliza maswali wakati ambapo kuuliza kulishakuwa hatari.

Ukibishana tena

Basi, siku ubishi huu ukizuka tena, au tamthilia nyingine ikimgeuza mtu wako, jaribu haya matatu.

Moja, tenganisha maswali. "Angeweza?" ni swali la saikolojia. "Tumeonyeshwa njia?" ni swali la usimulizi. "Alikuwa na haki?" ni swali la maadili. Watu wengi hupigizana kelele usiku kucha huku kila mmoja anajibu swali lake.

Mbili, andika ubashiri wako kabla ya epizodi ya mwisho, weka na tarehe. Utashangaa ni mara ngapi "nilijua tu" haimo kwenye daftari.

Tatu, kabla hujasema "ndivyo alivyo," orodhesha mambo matano yaliyompata wiki hiyo. Usifanye hivyo ili kumsafisha. Jon aliorodhesha yote akampenda yote, na bado aliona ni lazima amzuie. Fanya hivyo ili ujue ni kipi kingeweza kubadilishwa mapema, kabla ya kengele kulia.

Hili la tatu linafanya kazi hata kwa watu wasio na majoka. Lijaribu kwanza kwa yule konda wa asubuhi.